Nani Asemaye? Nafsi, Wakati na Mahali katika Batli ya Kiini cha Linux

Wahakiki wetu wamezoea kuiita matini ile tu ambayo ina jina la mtunzi juu yake na jina la mchapishaji chini yake. Shairi ni matini, riwaya ni matini, na tangu wataalamu wa fasihi simulizi walipotushurutisha, kitendawili na wimbo wa jandoni navyo ni matini. Makala haya yanakusudia kuhakiki matini ya namna nyingine kabisa. Imetungwa na maelfu ya watu wasioonana, hakuna aisomaye kwa kujiburudisha, na hata hivyo, siku mambo yanapoharibika, husomwa kwa makini ambayo diwani zetu haziyapati. Nakusudia batli ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux, yaani ile mistari ambayo kiini hujiandikia kuhusu mambo yanayokipata tangu tarakilishi inapowashwa hadi inapozimwa au kuzimika.

Swali langu ni moja. Mistari hiyo yaweza kuongezewa maelezo kwa manufaa ya wasaka hitilafu: saa ambayo jambo lilisemwa, msemaji aliyelisema, na mahali katika msimbo ambapo lilisemewa. Waliouunda mfumo huu wameyafanya maelezo hayo kuwa ya hiari. Atakaye huyawasha, asiyetaka huyaacha. Je, maelezo haya ni pambo, au ni sehemu ya maana yenyewe? Nitajaribu kuonyesha kwamba baadhi yake hayastahili kuwa ya hiari hata kidogo, na kwamba sarufi ya Kiswahili yatuonyesha vizuri ni yapi.

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya istilahi. Neno ‘batli’ ni la mabaharia wa pwani yetu. Ndicho kitabu cha safari, ambamo nahodha huandika upepo, mwendo na masaibu ya chombo. Sioni sababu ya kuunda neno jipya ilhali hili lipo na lakidhi haja barabara, kwani batli ya tarakilishi nayo ni habari za safari zinazoandikwa safari ikiendelea, na mwandishi wake hajui kama chombo kitafika. ‘Kiini’ ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayotawala kichakataji, kumbukumbu na vifaa, ambayo programu nyingine zote huiomba ruhusa. ‘Uzi’ ni mfuatano mmoja wa kazi ambao kiini huupa zamu. Nyuzi huwa nyingi, na katika tarakilishi yenye vichakataji kadhaa, kadhaa kati yake hutenda kwa wakati mmoja. Hilo la mwisho msomaji alikumbuke, kwani ndilo chanzo cha matatizo yote nitakayoyajadili.

Kiini cha Linux kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Tangu Novemba 2017 tarakilishi zote 500 zilizomo katika orodha ya zile zenye nguvu kubwa zaidi duniani zimekuwa zikikitumia. Kimo pia ndani ya kila simu ya Android, na kwa hiyo yamkini kimo mfukoni mwa msomaji wa makala haya. Chombo cha kusemea cha kiini hicho huitwa printk. Mtunzi wa programu akitaka kiini kiseme neno, huita printk na kuipa sentensi yake, pamoja na daraja la uzito kutoka 0, ambayo ni janga, hadi 7, ambayo ni minong’ono ya wasaka hitilafu. Madaraja hayo manane yalirithiwa kutoka syslog, utaratibu uliobuniwa na Eric Allman huko Berkeley katika miaka ya 1980 kwa ajili ya programu ya barua iitwayo Sendmail. Sitakawia juu yake, ila nitasema kwamba daraja hupangwa na mtunzi kabla ya tukio lenyewe kutokea. Latuambia jinsi mtunzi alivyoliogopa jambo, wala halituambii uzito wake siku lilipotokea.

Tuje sasa kwenye matini. Mstari ufuatao unajulikana sana kwa watu wa kazi hiyo. Nimeufasiri, na kufasiri kwenyewe ndiko kulikonipa hoja ya makala haya:

usb 1-1: kifaa hakikubali anwani ya 4, kosa -71

Mstari huu hutokea pale kifaa kilichochomekwa kinapokataa kuitikia anwani ambayo kiini kimekipa. Katika Kiingereza chake cha asili mstari huu hauna njeo. Kitenzi kimo katika umbo lisiloonyesha kama jambo limepita, linaendelea au bado halijawa. Wala kitenzi kisaidizi ambacho kingeonyesha hivyo hakimo. Mwingereza husoma bila kuona upungufu wowote, kwa sababu vichwa vya habari vya magazeti yake vimemzoesha. Mfasiri wa Kiswahili hana nafasi hiyo. Aandike ‘hakikubali’? Hapo amesema kwamba kifaa kinakataa sasa, au kwamba kukataa ndiyo tabia yake. Aandike ‘hakikukubali’? Hapo amesema kwamba jaribio lilifanywa likaisha. Aandike ‘hakijakubali’? Hapo ameacha mlango wazi, kwamba huenda kikakubali baadaye, na kwa kweli kiini hurudia kujaribu mara kadhaa. Fasiri tatu, na fundi anayezisoma atafanya mambo matatu mbalimbali: wa kwanza atakitupa kifaa, wa pili atatafuta kilichotokea saa ile, wa tatu atangoja. Mimi nimechagua ya kwanza, lakini sikuwa na hoja yoyote ndani ya matini ya kunielekeza.

Karl Bühler, katika kitabu chake cha nadharia ya lugha kilichochapishwa Jena mwaka 1934, alieleza kwamba kila usemi una kitovu chenye mambo matatu: mimi, hapa na sasa. Maneno kama ‘huyu’, ‘pale’ na ‘jana’ hayana maana mpaka tujue kitovu hicho kiko wapi. Wanafunzi wetu hufundishwa jambo hili katika mwaka wa kwanza na kulisahau katika wa pili. Lakini mtu akiyatazama yale maelezo ya hiari ya batli ya kiini, ataona kwamba si rundo la vitu vilivyookotwa ovyo. Ni Bühler mtupu. Saa ni ‘sasa’. Uzi au kichakataji kilichosema ni ‘mimi’. Jina la moduli, la faili, la kazi na namba ya mstari wa msimbo ni ‘hapa’. Watunzi wa Linux, bila shaka pasipo kumsoma Bühler, walivigundua vyote vitatu kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa uchungu wake.

Saa ndiyo iliyopata heshima mapema. Mpangilio uitwao PRINTK_TIME huweka mwanzoni mwa kila mstari sekunde zilizopita tangu kiini kiamke, kwa desimali sita, na waweza kuwashwa au kuzimwa hata mfumo ukiwa kazini. Nafsi ilichelewa mno. Mpangilio uitwao PRINTK_CALLER uliingia katika toleo la 5.1, lililotoka mwaka 2019, miaka 28 baada ya Torvalds kuanza kazi yake. Nao ni wa hiari kwa maana kali zaidi: huchaguliwa wakati kiini kinapojengwa, na chaguo la kawaida ni kuuacha.

Linganisha na kitenzi cha Kiswahili. Msemaji wetu hawezi kusema ‘-anguka’ tu akaeleweka kuwa ametoa taarifa. Sharti aseme nani na lini: ‘alianguka’, ‘kimeanguka’, ‘wataanguka’. Nafsi na njeo zimefumwa ndani ya neno lenyewe, wala hazikuachiwa uungwana wa msemaji. Najua pingamizi zitakazoletwa. Kwanza ni ‘hu-’ ya mazoea, ambayo haichukui kiambishi cha nafsi: ‘huanguka’. Lakini kiambishi hicho husimulia desturi, si tukio, na batli ni kitabu cha matukio. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kiswahili nacho kina njia zake za kumficha mtenda. Tuna kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda, ‘kimevunjwa’, na tuna kauli ya kutendeka, ambayo kila mzazi anaijua: kikombe ‘kimevunjika’, kana kwamba kilijiamulia. Nakubali. Hata hivyo angalia kilichobaki: njeo ipo, na ngeli ya kilichovunjika ipo. Kiswahili chamruhusu mtu kumficha mwenye kosa. Hakimruhusu kuficha kwamba kuna jambo lililotukia, kwa kitu fulani, kwa wakati fulani. Tena aliyesema ‘kimevunjika’ anaonekana kwa macho, amesimama mbele yetu. Msemaji wa batli haonekani.

Kuna kiambishi kimoja ambacho kwa maoni yangu chaeleza tatizo la batli ya kiini kuliko nadharia yoyote ya kigeni, nacho ni ‘-ka-’. Twasema: ‘Alifika, akaketi, akalia.’ Wanaisimu wetu wamelijadili sana suala la kama ‘-ka-’ ni njeo au si njeo, na sitaufufua ugomvi huo hapa. Linalokubaliwa na wengi ni kwamba katika masimulizi ‘-ka-’ haina wakati wake yenyewe. Huazima wakati wa kitenzi kilichotangulia na kusogea mbele hatua moja. Mkopo huo hufaa kwa sharti moja, kwamba msimulizi ni mmoja na kwamba hakuna aliyemwingilia katikati. Bibi akisimulia hadithi, kila ‘-ka-’ yamjua mama yake. Wakae bibi wawili chumba kimoja, kila mmoja asimulie hadithi yake kwa wakati uleule, na karani aandike maneno yao yote kwenye ukurasa mmoja kama yanavyomfikia sikioni, basi hakuna ‘-ka-’ hata moja itakayojua imezaliwa na nani.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa batli ya Linux kwa miaka mingi. Ulikuwapo utaratibu wa kuvunja sentensi moja vipande: mtunzi huanza mstari, huacha bila kuufunga, hufanya kazi, kisha hurudi kuumalizia. Siku za kichakataji kimoja mtindo huu haukudhuru sana. Vichakataji vilipoongezeka, vipande vilianza kuchanganyika. Chukua mfano huu wa kubuni. Uzi mmoja unaandika ‘Nakagua diski ya kwanza...’ na kunyamaza. Kabla haujarudi, uzi mwingine unaandika ‘Kebo ya mtandao imechomoka’. Kisha ule wa kwanza unarudi na kumalizia neno lake moja, ‘salama’. Karani ameandika kila neno kwa uaminifu, na msomaji anatoka akiamini kwamba kebo imechomoka na mambo yako salama, huku diski haijulikani imekuwaje. Tangu toleo la 4.9 la Desemba 2016, kipande cha kuendeleza ni lazima kijitambulishe kuwa ni cha kuendeleza, kwa alama iitwayo KERN_CONT. Kisipojitambulisha huhesabiwa mstari mpya. Hatua hiyo ilikuwa njema, lakini ilitibu nusu ya ugonjwa. Ilituambia kwamba hii ni ‘-ka-’. Haikutuambia ni ‘-ka-’ ya nani.

Tena ugonjwa haukuwa wa vipande peke yake. Kiini kinapopatwa na hitilafu kubwa hutoa ripoti ya mistari mingi: hali ya kichakataji, orodha ya kazi zilizoitana hadi pale zilipokwama, na kadhalika. Vichakataji viwili vikipata ajali kwa pamoja, ripoti mbili hufumana mstari kwa mstari. Hapo ndipo PRINTK_CALLER iliposaidia. Kila mstari hupewa alama ndogo: herufi T na namba ya uzi, au herufi C na namba ya kichakataji. Msomaji anaweza kuchukua mistari yote yenye T ileile, akaitenga, na hadithi mbili zikaachana kama mchele na pumba.

Alama hiyo yastahili kusifiwa kwa jambo moja ambalo wengi hulipita bila kuliona, nalo ni kule kuitofautisha T na C. Kichakataji hukatizwa kazi mara kwa mara: kifaa hubisha hodi, na kichakataji huacha uzi uliokuwa zamu, humhudumia mgeni, kisha hurejea. Katika muda ule wa katizo maneno yakitoka, ni nani asemaye? Si ule uzi, ingawa yamesemwa katika zamu yake. Wazee wa pwani wangeelewa mara moja, kwani katika ngoma za pepo yule anayepandwa huitwa kiti, na hakuna aliye na akili zake anayemshika mwenye mwili kwa maneno yaliyosemwa na aliyempanda. Waliobuni alama hii walikataa kuuhukumu uzi kwa maneno ya katizo. Waliandika C na namba ya kichakataji, yaani walitaja kiti na kukiri kwamba mwenye kusema si mwenyeji. Huo ni uangalifu wa kiisimu wa hali ya juu, na ningetamani kuuona kwa baadhi ya wahakiki wa ushairi ambao mpaka leo humtwika mshairi kila kitu asemacho mhusika wake.

Lakini sifa zisitupofushe. Namba si jina. T na namba, katika umbo lile la mwaka 2019, ni kama kiwakilishi kisicho na nomino: chatuambia kwamba aliyesema huku ndiye aliyesema kule, wala hakituambii ni nani. Uzi ukifa, namba yake yaweza kupewa uzi mwingine baadaye, na anayesoma batli kesho yake huenda akamtafuta marehemu na kumkuta mrithi. Kwa kutenganisha hadithi, alama hii yatosha. Kwa kumshtaki mtu haitoshi.

Sasa nigusie lile ambalo naliona kuwa kasoro kubwa ya fani katika matini hii. Kuna utaratibu mwingine wa maelezo ya hiari, mkubwa na wa zamani zaidi kuliko PRINTK_CALLER, uitwao dynamic debug. Ndani ya msimbo wa kiini kumetawanywa maelfu ya sentensi za daraja la 7 ambazo kwa kawaida hazisemi kitu. Zimelala. Msaka hitilafu huandika amri katika faili moja maalumu, akitaja faili, moduli au kazi anayoishuku, kisha akaongeza ‘+p’, na sentensi za mahali hapo peke yake huamka. Akiongeza herufi f, kila sentensi hutaja kazi iliyoisema, l, namba ya mstari, m, moduli, t, namba ya uzi. Hakuna haja ya kujenga kiini upya wala kukizima. Kwa upande wa ufundi, sijaona utaratibu wa kauli ulio mwepesi na mpole kuliko huu, na msanii yeyote wa jukwaani angewaonea wivu wahusika wanaongoja pembeni hivyo bila gharama.

Lakini tazama matokeo yake. Maelezo haya kamili ya nafsi na mahali yanapatikana kwa sentensi za daraja la 7 tu. Onyo la daraja la 4 na kosa la daraja la 3 hayamo katika mpango huu. Kwa hiyo mnong’ono wa chini kabisa, ambao mara nyingi hausikiwi na mtu, waweza kuleta jina, ukoo na mtaa wake, ilhali ukelele wa ajali hutoka bila jina lolote, isipokuwa kama aliyekijenga kiini alikumbuka kuwasha chaguo ambalo kwa kawaida limezimwa. Katika elimu ya Hadithi, ambayo wanavyuoni wa Lamu na Mombasa wameisomesha vizazi kwa vizazi, mpango huu ungegeuzwa juu chini. Kadiri habari inavyokuwa nzito ndivyo isnadi yake inavyodaiwa kwa ukali zaidi. Porojo za barazani ndizo zisizoulizwa ‘umesikia kwa nani?’

Watetezi wa hiari wana hoja, na hoja yao ni ya Grice. H. P. Grice, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1967 na ambayo sehemu yake ilichapishwa mwaka 1975, alisema kwamba wasemaji waungwana hutoa habari kwa kadiri inayohitajika, wala hawazidishi. Kiini kinachotaja saa, uzi, moduli na mstari kila kinapofungua kinywa ni kama yule mgeni wa harusini anayejitambulisha upya kila anapoomba chumvi. Na kuzidisha kuna gharama inayopimika. Batli aghalabu hupitishwa kwenye waya wa zamani unaopeleka biti moja moja, kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, yaani karibu herufi 11,520. Mstari wa herufi 80 huchukua takriban milisekunde 7 kupita. Alama ya msemaji pamoja na mabano yake ni herufi 8. Huongeza milisekunde 0.7. Kwa binadamu huo si muda. Kwa kichakataji ni muda mrefu sana, na mistari ikiwa maelfu, kusema kwenyewe kwaweza kuchelewesha kazi inayosemwa.

Naikubali hoja hii kwa ‘hapa’. Namba ya mstari wa msimbo hubadilika kila msimbo unaporekebishwa, na mwenye matini kamili ya sentensi aghalabu huweza kuitafuta katika msimbo akajua ilipotoka. Mahali panaweza kurudishwa baadaye kwa uchunguzi; basi na pawe pa hiari. Siikubali kwa ‘mimi’ na ‘sasa’. Hivi viwili, visipoandikwa wakati wa kusema, vimepotea. Hakuna uchunguzi wowote wa msimbo utakaovifufua. Hapa ndipo kanuni ya Grice isipotosha, kwa kuwa yadhania msemaji anayemwona msikilizaji wake na kuijua haja yake. Kiini hakimjui msomaji wake. Hakijui hata kama atakuwapo. Chaandika kama mtu atiaye barua ndani ya chupa, na mwenye kutia barua katika chupa hafanyi adabu kwa kuacha tarehe na jina.

Tena hoja ya gharama imedhoofika tangu toleo la 5.10 la Desemba 2020, wakati ghala la batli lilipojengwa upya. Katika ujenzi ule kila rekodi huwekewa pembeni saa yake na kitambulisho cha msemaji wake, mbali na maneno yenyewe. Kitambulisho hicho huhifadhiwa hata kama PRINTK_CALLER haikuchaguliwa. Chaguo lile sasa huamua tu kama kitaonyeshwa. Yaani shahidi anamjua aliyesema, amemwandika katika daftari lake, na hamtaji kwa kuwa hakuna aliyebonyeza kitufe. Kutojua ni bahati mbaya. Huku ni kunyamaza, na mhakiki ana haki ya kuuliza kwa faida ya nani.

Nisije nikaonekana nahubiri kwamba kila linalojulikana lisemwe. Kuna ukimya katika matini hii ambao ni wa busara. Zamani kiini kiliandika waziwazi anwani za mahali vitu vyake vilipokaa katika kumbukumbu, na wevi wa mitambo walizisoma kama mwizi asomavyo ramani ya nyumba. Tangu toleo la 4.15 la mwaka 2018, umbo la kawaida la kuchapa anwani hizo hutoa namba iliyofichwa kwa fumbo, ambayo yaweza kulinganishwa na nyingine lakini haiwezi kufumbuliwa. Ni lakabu, kwa maana kamili ya neno hilo. Ukimya mwingine ninaoupenda ni ule wa kudhibiti makelele: sentensi ikirudiwa mno, kwa kawaida zaidi ya mara 10 katika sekunde 5, hunyamazishwa, na baadaye batli hutaja ni mara ngapi ilinyamazishwa. Ni nadra kuona mwandishi anayehesabu maneno aliyoyaacha na kuitoa hesabu hiyo kwa msomaji.

Kwa upande mwingine kuna maneno ambayo matini hii haikuwa na haki ya kuyasema. Wote wanaoijua batli hii hukicheka kile kisa cha mashine ya kuchapia ambayo kiini hudai kwamba inaungua moto. Ukweli ni kwamba mashine za waya wa zamani zilikuwa na ishara chache mno. Moja ilisema karatasi imekwisha, nyingine kwamba mashine haiko tayari, na ya tatu kwamba kuna kosa, bila kusema kosa gani. Kiini kikipokea ile ya tatu peke yake, hutangaza moto. Wengine huliona hili kuwa utani wa mafundi. Mimi naliona kuwa ndilo jambo zito kuliko yote katika makala haya, kwa sababu laonyesha kinachotokea penye upungufu wa maelezo: tamathali hujaza pengo, na msomaji asiye mzoefu hukimbilia ndoo ya maji.

Limebaki suala linalotuhusu sisi wa idara za lugha moja kwa moja. Mwaka 2004, kutokana na mradi wa Kilinux ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Lakini kilichotafsiriwa kilikuwa menyu, vitufe na maonyo ya programu, yaani mazungumzo ya sebuleni. Batli ya kiini ilibaki Kiingereza, na haikubaki hivyo kwa Waswahili tu: ujumbe wa kiini hautafsiriwi kwa lugha yoyote, si Kijerumani wala Kijapani. Kila anayetaka kujua kwa nini tarakilishi yake imekufa hana budi kupita mlango huo.

Je, tudai tafsiri? Wenzangu kadhaa watasema ndiyo bila kusita. Mimi nasita. Mstari wa batli una kazi mbili. Ni taarifa, na pia ni ufunguo: fundi wa Kisumu huuchukua herufi kwa herufi na kuutafuta katika msimbo na katika maandishi ya mafundi wengine wa dunia nzima waliopatwa na ajali ileile. Ukiufasiri umeupata kama taarifa na kuupoteza kama ufunguo. Njia iliyo bora tunayo katika mapokeo yetu wenyewe. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, katika tafsiri yake ya Kurani iliyotolewa Nairobi mwaka 1969, hakuyaondoa maneno ya asili. Aliyaweka, akaweka Kiswahili kando yake, na chini akaandika sharhi. Silinganishi utukufu wa matini, nalinganisha utaratibu wa kurasa. Matini ya kiini ibaki kama ilivyo, nasi tuiandikie sharhi za Kiswahili, moja kwa kila ujumbe unaokutwa mara kwa mara, kazi ambayo mwanafunzi wa uzamili mwenye moyo angeweza kuianza kwa ujumbe mia moja tu.

Na sharhi ndiyo itakayoweza kusema ambalo mstari wenyewe hausemi. Chini ya ule mstari wa kifaa kisichokubali anwani, msharihi ataandika kwamba kosa -71 ni kosa la itifaki, yaani pande mbili zilizungumza zisielewane. Kwamba kebo mbovu na umeme haba vishukiwe kabla ya kifaa chenyewe. Kwamba kiini hujaribu zaidi ya mara moja, hivyo mstari ukionekana mara moja tu usomwe ‘hakikukubali’, na ukirudiwa kwa namba za anwani zinazopanda usomwe ‘hakikubali’. Ataongeza pia kwamba kabla ya kuchagua kati ya hayo mawili, msomaji atazame kama mistari yote inatoka kwa msemaji mmoja, endapo kiini chake kilijengwa kwa namna inayomruhusu kumwona.